Jinsi Bibi Alivyotuvua Ufalme

Niliporudi Kasulu katikati ya miaka ya tisini, nilirudi na diploma ya ufundi wa maji, pikapu nyeupe, na bati za kuezekea nyumba nzima pamoja na jiko. Nayasema haya mapema kwa sababu ukoo wangu hauwezi kuyasema kwa niaba yangu. Ada nilijilipia kwa kuuza dagaa sokoni, na siku niliyomaliza chuo hakuna ndugu aliyenitumia hata salamu. Lakini nilipopiga honi kwa mara ya kwanza Kitahana, kwenye kijiji cha baba mkubwa, kila mtu alikumbuka kwamba alikuwa akiniombea.

Kitu nilichokuta kimebadilika kuliko vyote ni babu yangu. Alikuwa amekufa zamani, mimi nikiwa bado nachunga mbuzi, na alikufa akiwa mkulima na mfuga nyuki. Huku nyuma wakampandisha cheo. Sasa alikuwa mwana wa ikulu ya mwami, mfalme wa enzi zile. Alikuwa na ngozi ya chui ambayo kwa bahati mbaya iliibiwa. Alikuwa na ngoma pia, na ngoma ililiwa na mchwa.

Aliyempandisha cheo ni baba mkubwa, mwanawe wa kwanza. Homa hii ilimpata wakimbizi walipoanza kumiminika kutoka Burundi. Kambi zikajaa, na watu wetu, ambao Kiha chao na Kirundi cha wageni vinaelewana bila mkalimani, ghafla wakawa wenyeji kupita kiasi. Hakuna aliyetaka kuwa na babu aliyewahi kuvuka mto wa mpakani. Baba mkubwa alikuwa anautaka uenyekiti wa kijiji, na kwenye pombe alikuwa ameanza kukohoa kifalme kabla ya kusema.

"Wewe una diploma," aliniambia. "Utuandalie historia ya ukoo. Anzia ikulu."

"Nikianzia ikulu, nitapitia wapi kufika hapa?"

"Ndiyo kazi ya msomi hiyo. Au huko walikufundisha mabomba tu?"

Babu niliyemjua mimi alinuka moshi na asali. Alikuwa akipanda kwenye mizinga yake huku akiongea na nyuki kama mtu anayebembeleza mashemeji, na akiumwa alicheka kwanza, akalalamika baadaye. Viazi vitamu alinichagulia mimi vile vilivyoungua kidogo upande mmoja, kwa sababu alijua navipenda. Nikijikwaa alisema, "Pole kwa jiwe." Mtu wa namna hii hana haja ya ngozi ya chui. Nilitaka kuijua asili yake, lakini asili yake mwenyewe, siyo ile ya uchaguzi.

Basi nikamwendea Bibi, mjane wake. Alikuwa akiishi kwa baba mkubwa, amekonda, ametoka karibuni kulazwa kwa ajili ya kifua hospitali ya Kabanga, nilikompeleka kwa pikapu, na kiko chake amekificha chini ya mto ili wasimnyang'anye. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mume na mke, na yeye hakunipunguzia hata siku moja.

"Mume wangu umekuja," alisema. "Umenenepa. Umeoa mwingine huko?"

"Sijaoa, Bibi. Nataka kujua yule mwenzangu aliyenitangulia alitoka wapi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu amekwambia ikulu?"

"Ameniambia."

"Ni kweli, alihusiana na mwami. Mwami alimwamuru akamlimie shamba, yeye akasema mgongo unamuuma. Wakaja kumchapa. Akauchukua mgongo wake, akavuka nao mto usiku, akaja huku kwetu. Nilimwona asubuhi amelowa kama kuku. Nikampenda." Akavuta kiko. "Ufalme wenyewe ndio huo."

Nilifurahi kuliko ningeambiwa nina kiti cha enzi. Mtu aliyekataa kulima bure nilimwelewa mara moja. Nami pia sijawahi kulimia mtu bure.

Lakini Bibi hakuwa amenikalisha kitandani kwake kwa ajili ya historia. Kifua kilikuwa kimemwambia jambo, na alitaka liwekwe sawa mapema: azikwe kando ya mume wake, kwenye itongo. Itongo ni mji wa zamani ulioachwa. Wa Babu ulikuwa kwenye kilima ng'ambo ya bonde. Serikali ilipotuhamishia kwenye vijiji vya ujamaa tuliuacha, na miti ya ua wake ikashika mizizi, ikawa duara la mivumu mikubwa. Babu amelala ndani ya duara hilo.

Ugumu ulikuwa hapo hapo. Kwenye kilima kile ilikaa familia iliyotoka Burundi katika wimbi la zamani. Tulikua tukiambiwa na baba mkubwa kwamba ni "wakimbizi wetu, tuliowahurumia." Walikuwa wameshapata uraia, wanalima maharage mazuri kuliko yake, na kijiji kizima kiliwajua kama wageni wa wafalme.

"Wale ni watoto wa kaka yake babu yako," Bibi alisema. "Kaka mkubwa, tumbo moja. Babu yako aliwapa kilima kwa mkono wake, nikiwepo."

Baba mkubwa alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mchwa kwenye ngoma. "Mama, umri umekuchanganya. Utazikwa hapa, barabarani, watu waone kaburi lenye saruji. Siwezi kwenda kulilia mama yangu kwa wakimbizi, na uchaguzi huu hapa."

"Basi nife kabla ya uchaguzi au baada? Nipangie."

"Na mila unaijua. Mwanamke huzikwa kwenye mji wenye moto wake. Moto wako uko hapa."

Mila hiyo ni ya kweli. Kwetu huzikwi mahali ulipopapenda, unazikwa mahali ulipopikia. Baba mkubwa alikunja mikono akijua amemaliza.

"Huo ni moto wa mke wako," Bibi alisema. "Mimi huja kuuota tu. Tangu nihamie hapa, nani amenipa hata sufuria?"

Akanigeukia. "Mume wangu, lile gari lako linabeba mawe?"

Asubuhi yake tulipakia mafiga yake, yale mawe ya jikoni aliyoyatoa itongo wakati wa kuhamishwa na ambayo mke wa baba mkubwa alikuwa akifungia mbuzi. Tulipakia chungu, mkeka na Bibi mwenyewe, aliyekataa kukaa mbele kwa sababu kule nyuma ndiko watu wangemwona. Baba mkubwa alisimama njiani.

"Ukimpeleka kule, usirudi tena kwangu na hicho kigari chako."

Nilimjibu kwamba kigari hiki ndicho kilichompeleka mama yake hospitali, wakati ndugu zake wa ikulu walikuwa hawapatikani. Sijutii neno hata moja.

Kilimani, mzee wa familia ile, mtoto wa kwanza wa yule kaka yake Babu, alitupokea kwa salamu ndefu ya makofi, ile ya Kiha inayouliza mpaka habari za mbuzi. Alimwita Bibi "mama." Wake zake walisimamisha kibanda ndani ya duara la mivumu, karibu na kaburi, na Bibi akapanga mafiga yake, akawasha moto, akapika maharage mabichi. Hayakuiva vizuri. Tulikula tukiyasifu.

Baba mkubwa alikuja siku ya soko, amevaa koti, ameongozana na wapambe wake, kumrudisha mama yake. Mzee wa kilimani akatoka, akapiga makofi, akasema kwa sauti ambayo hata bondeni walisikia, "Karibu nyumbani, mdogo wangu!"

Wapambe wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mdogo wake?"

"Ni heshima tu," baba mkubwa alisema. "Ni namna yao ya kuongea."

"Tena ni mdogo wake kweli," Bibi alisema kutoka ndani ya moshi. "Njoo ule, mwana wa mfalme. Leo yameiva."

Alikula. Angefanyaje? Na uenyekiti aliupata, kwa kura za kilima kile hasa, kwa sababu watu hawawezi kumnyima ndugu yao. Baada ya hapo ikulu ilipungua kidogo kwenye hotuba zake, ingawa kikohozi kilibaki.

Bibi aliishi kando ya mafiga yake mpaka mvua za mwaka uliofuata. Alikufa mchana, kiko kikiwa bado na joto, na safari hii hakuna aliyebishana kuhusu mahali. Tulimchimbia kando ya mume wake. Nilikuwa nimekuja na saruji, nikaiacha kwenye gari.

Kwetu watoto humwaga udongo kwa kufuata ukubwa wa tumbo walimotoka, wa kaka mkubwa wakitangulia, siyo umri wala cheo. Mwenyekiti wa kijiji aliinama akachota wake, akasogea mbele ya kaburi kama alivyozoea kusogea mbele ya kila kitu. Wazee wakamwangalia. Mzee wa kilimani alikuwa akija taratibu kutoka upande wa pili, mguu unamsumbua, na yeye ndiye wa tumbo la kaka mkubwa. Baba mkubwa akarudi hatua, udongo mkononi, akamngojea kaka yake.