Niliupima Usukani Ukiwa Umenyooka Tu

Nitukaneni tu, nastahili. Braza wangu anatembelea magongo kwa sababu yangu, na hapa Temeke hakuna anayejua.

Tumwite Shomari. Ni nahodha wa boti ya mizigo, ndiye kanilea tangu mama afariki. Boti yake ilikuwa inakunywa dizeli kama imelaaniwa, moshi mweusi tii! Mie nilikuwa najifunzaga mwenyewe kwenye laptop kuchora chombo na kukipitishia maji ya kompyuta. Nikamwambia ishu ni usukani, lile bapa lililo nyuma ya propela. Pana mno, linayakaba maji. Nikachora dogo, jembamba. Kwenye skrini mistari ya bluu ikapita laini kama nywele zilizochanwa. Wallahi nilijiona!

Maskani, baharia wake Chande akacheka: "Oya profesa wa bando, umepimia kwenye beseni?"

Nikamkaba. Tukaamuliwa.

Shomari akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, umeupima ukikata kona?"

Sikuupima! Kila nikiukunja, laptop inaganda. Lakini Chande alikuwa bado ananikodolea macho, anatabasamu.

"Braza, nimepima kila kitu."

Akaniamini, akaufunga kwenye boti. Basi.

Mwanzoni raha tupu. Dizeli ikapungua, moshi ukawa mwepesi. Halafu siku moja wanaingia gatini, mie nimesimama juu nawasubiri, mkondo ukawasukuma. Shomari kakunja usukani mpaka mwisho, boti haigeuki! "Haukamati! Haukamati!" Ubavu wa boti unaenda kwenye ukuta wa gati, na Chande kachuchumaa palepale ukingoni na kamba. Shomari akaruka, akatanguliza mguu.

Ukasagika. Hospitali wakaukata chini ya goti.

Unajua aliwaambiaje watu? Eti yeye ndiye alichelewa kukata kona. Mie nikanyamaza!

Mpaka leo hajaniuliza. Anakuja kwangu, magongo ko, ko, ko kwenye korido, anakaa, ananitania: "Ila mdogo wangu, moshi ulipungua kweli!" Chande anacheka. Na mie nacheka. Yarabi!

Anajua? Hajui? Laptop sijaigusa tena, ila nikifumba macho mistari ile ya bluu inapita, imenyooka, mizuri, halafu ile sauti: haukamati.

Nyie mnaojifunza wenyewe kama mie, anayekupenda akikuuliza kama umepima, na hujapima, sema hapana. Sema hata kama mbaya wako kasimama pembeni anakucheka. Mie hapana moja tu ilinishinda, na sasa nikisikia ko, ko, ko, natamani kujificha uvunguni.