Kirungu cha Mzee Hatibu

Mzee Hatibu simchukii. Nimejaribu, Mungu ananiona, na kila nikijaribu nakuta na mimi nimo ndani ya jambo lenyewe. Kwa hiyo nitaeleza maisha yake kama nilivyoyaona kutoka kwenye meza yangu ya chai, hatua kumi tu kutoka kibanda chake cha matairi hapa Katesh, kwa miaka kumi na tisa.

Babu zake walikuja huku na biashara ya chumvi na vitambaa. Yeye alizaliwa hapa hapa, chini ya mlima Hanang, na duka la baba yake halikumwingia moyoni. Akiwa kijana alikwenda kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, akajifunza matairi ya matrekta na malori. Huko ndiko alikopata kirungu. Mfugaji mmoja aliyeitwa Gidamis alimpa baada ya kuzibiwa pancha ya pikipiki porini bila kudaiwa kitu. Kilikuwa na kichwa kizito na mpini uliong'aa kwa jasho la mkono. Hatibu aligonga tairi mara moja, akainamisha kichwa, kisha akasema, "Lina upepo," au, "Limepungua, ongeza." Geji ya kupimia upepo alikuwa nayo, imetundikwa msumarini, imeshika kutu. Alisema geji ni ya watu wasio na masikio.

Nani asingemwamini? Madereva wa malori ya mahindi walianza kumpigia honi kabla hata ya kusimama. Wengine walijitafutia virungu vyao. Nenda Gitting leo, nenda Basotu, utamkuta dereva anazunguka gari lake asubuhi akigonga matairi, na ukimuuliza kafundishwa na nani, atakutajia Hatibu. Majivuno alikuwa nayo, hilo nalisema wazi. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia watoto. Kwa Hatibu, kuuliza kulikuwa sawa na kuvuliwa suruali sokoni.

Ndipo mwanangu Zita akachumbiwa. Mchumba alikuwa Michael, kijana wa Gitting, mkulima wa ngano mwenye mashine za kuvunia za kukodisha. Kijana mzuri, mwenye adabu, anayekuinamia akikusalimia. Kasoro yake ilikuwa moja: gari. Alijinunulia gari la michezo, la bluu, la milango miwili, limelala chini kama kuku anayeatamia. Katesh nzima ilicheka. Zita alicheka kuliko wote, kisha akapanda.

Matairi yaliyokuja na gari yalipoisha, Michael alikataa ya dukani hapa. Aliagiza Dar mengine yenye alama ileile ya nyota ubavuni, alama ya kuonyesha kwamba kiwanda kilichotengeneza gari kimeyapima na kuyakubali kwa gari hilo. Kwa bei ya tairi moja ungepata ndama. Siku alipoyaleta kufungwa, ubishi ulizuka pale kibandani, nami nikasogea na birika langu, maana ubishi ni biashara.

"Mzee, haya ni tofauti," Michael alisema. "Ubavu wake ni mgumu. Hata likitoboka, unaendelea kwenda polepole mpaka ufike kwa fundi. Ndiyo maana gari halikuja na tairi la spea."

"Gari halina spea!" Hatibu akawageukia madereva. "Mmesikia jamani? Kijana, mpira ni mpira. Wewe umenunua nyota."

Watu wakaangua kicheko. Michael naye akacheka kwa heshima. Lakini niliona jinsi Hatibu alivyotaabika kuyavalisha kwenye ringi, jasho linamtiririka, ubavu haukunjiki. Alipomaliza alisimama akiyatazama. Akagonga moja kwa kirungu, akainamisha kichwa, na hakusema neno. Sikupenda ule ukimya wake. Nilimimina chai nikaendelea na kazi.

Msibani watu waliniuliza kama matairi yale ya nyota yalifaa kununuliwa. Waliniuliza hivyo mimi, mama wa marehemu, na mchanga wa kaburi bado mbichi. Niliwajibu kwamba yalifaa. Yalikuwa mazuri kuliko yote yaliyowahi kupita kwenye kibanda kile, na yalitengenezwa kwa gari lile hasa. Ila tairi la namna hiyo linataka mtu anayelijua, na sisi hapa tulikuwa na mtu anayejua mengine.

Ilikuwa Jumamosi. Michael na Zita walitakiwa Dareda saa nne asubuhi, kwa padre, kuandikisha ndoa. Wazazi wa Michael walikuwa wametangulia. Jana yake Michael alikuwa ametoka Basotu kwa ile barabara ya vumbi na mawe, na tangu hapo taa ndogo ya njano ilikuwa inawaka mbele ya usukani. Saa tatu kasoro alisimama kwa Hatibu. Zita akashuka kuja kunisalimia, amevaa gauni la kijani nililomshoneshea kwa siku hiyo. Akanyakua andazi, akanichafulia meza kwa makusudi, kama alivyozoea.

"Shikamoo mzee," Michael alisema. "Kuna taa inawaka hapa, nadhani ni ya upepo wa matairi. Hebu nitazamie."

"Marahaba. Achana na taa, baba. Masikio yapo."

Madereva wakacheka tena. Hatibu akazunguka gari. Akagonga la mbele, la pili, la nyuma kushoto. Alipofika la nyuma kulia aligonga, akasita. Akagonga tena. Miaka kumi na tisa sikuwahi kumwona akigonga tairi mara mbili. Akaja mezani kwangu kama anayefuata sukari, akanong'ona.

"Mama Zita, sauti ya matairi haya siielewi. Yote yanalia kama gogo."

Sasa sikilizeni nilichosema mimi. Sikusema mwambie kijana asubiri. Sikusema tafuta kitu cha kupimia. Nilimwona padre kichwani mwangu akitazama saa. Niliwaona wakwe wakisema binti wa muuza chai hakufundishwa kuwahi. Nikamwambia, "Si umeshagonga, mzee? Waachie waende, wanachelewa."

Akarudi kwenye gari, akalipiga bodi kwa kiganja. "Mazima yote. Nendeni salama."

Zita alinipungia mkono dirishani, mdomo umejaa andazi. Gari likaunguruma likaondoka, na kwa kuwa fundi amesema mazima, Michael hakuwa na sababu ya kwenda polepole.

Hatibu hakurudi kukaa. Alichuchumaa pale gari liliposimama. Mapema alikuwa amemwaga maji hapo kutuliza vumbi, na udongo ulikuwa umeshika alama za matairi. Aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilikwenda nikaona. Matairi matatu yalikuwa yamechora alama zilizojaa upana mzima. La nne, la nyuma kulia, lilikuwa limechora kingo mbili tu, katikati hakuna kitu.

"Halina upepo," akasema. "Limebeba gari kwa ubavu wake mtupu, wakikimbia litapasuka. Ndiyo maana linalia kama mengine."

Nilimpigia Michael, simu ikaita mpaka ikakata. Nikampigia Zita, hapatikani. Hatibu alikuwa ameshatoa simu yake anamtafuta Renatus, aliyejifunzia ufundi pale kibandani zamani, sasa ni mtu mzima mwenye kibanda chake Endasak, barabarani kabisa. Gari lisingeweza kwenda Dareda bila kupita mbele yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilisimama begani kwa Hatibu nikasikia kila neno.

"Renatus, linakuja gari la bluu, la chini chini. Lisimamishe. Angalia tairi la nyuma kulia."

"Lina nini, mzee?"

Madereva wanne walikuwa wamesimama wanamtazama, wale wale waliocheka. Hatibu akawatupia jicho.

"Wewe liangalie tu," akasema, akakata simu.

"Mwambie kirungu hakisikii tairi lile!" nilimpigia kelele. "Mpigie tena! Mwambie umekosea, Hatibu!"

Sikuwahi kumwita kwa jina tupu. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kitu asichokuwa nacho nyumbani.

"Renatus nimemfundisha mwenyewe, mama Zita," alisema. "Atajua."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Nilihesabu magari yaliyotoka upande wa Endasak, nikitaka moja lisimame na kutuambia kwamba vijana wale wamekaa kivulini wanasubiri fundi. Nilimpigia Michael mara saba. Chai ilichemka ikamwagika, mteja mmoja akaipua mwenyewe.

Simu ya Hatibu ikalia. Alibonyeza spika, nadhani kwa ajili yangu. Sauti ya Renatus ilikuwa na furaha ya mtu aliyetimiza alichoagizwa.

"Mzee, nimelisimamisha. Binti alianza kulalamika kwamba wanachelewa, nikamwambia ni amri ya mzee Hatibu. Tairi nimeligonga mwenyewe, kama ulivyonifundisha. Nimeligonga na kuligonga tena, zima kabisa. Nimewaambia wakanyage mafuta, padre anawasubiri."

"Ahsante, Renatus," Hatibu akasema.

Mimi nilikuwa nimeshaingia barabarani, nakimbia kuelekea Endasak na kanga mkononi.