Felisita Kwenye Kivinjari

Joan Uwimana aliandika programu za tovuti akiwa kwao Nyakahura, katika chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Hakutaka kuhamia mjini. Baba yake, mzee Fideli, alikuwa amebaki peke yake tangu mkewe Felisita afariki.

Zamani mzee alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni. Siku moja alimletea Joan kaseti iliyofubaa.

"Humu yumo mama yako," alisema. "Lakini anaimba kama yumo ndani ya kikaango."

Joan aliihamishia kaseti kwenye kompyuta, akatengeneza ukurasa wa kuicheza na kuondoa mikwaruzo papo hapo. Kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, huikata sauti vipande vidogo sana. Kila kipande kikifika, huiita programu ya Joan ikisafishe na kukirudisha upesi. Programu ikichelewa, sauti hukatika.

Na ilikatika. Kila mara mchoro wa mawimbi ya sauti aliouweka kwenye ukurasa uliposogea kwenye kioo cha kompyuta, mama yake alishikwa na kigugumizi katikati ya wimbo. Hilo lilimuuma Joan kuliko mikwaruzo yenyewe. Mama hakuwa mtu wa kigugumizi.

Alihangaika siku kadhaa ndipo akaelewa. Kazi ya kuchora na kazi ya kusafisha sauti alikuwa amezipanga foleni moja, zikawa zinasubiriana. Akaitoa ile ya sauti, akaipa njia yake yenyewe. Wimbo ukatiririka.

"Shikamoo, baba. Njoo usikilize."

"Marahaba, mwanangu."

Akamvisha hedifoni. Kabla ya wimbo, pale ambapo miaka yote palisikika mkwaruzo mtupu, mwanamke alinong'ona: "Fideli, umeanzia juu mno. Tutakwama." Kikafuata kicheko kidogo, kisha kwaya.

Mzee alizivua hedifoni, akazitazama.

"Ni yeye," alisema. "Na tulikwama kweli, ubeti wa tatu. Wote tukanyamaza. Akaimba peke yake mpaka mwisho."

Joan alichomoa waya ili wasikie wote wawili. Ubeti wa tatu ulipofika, sauti zilipungua moja moja, ikabaki ya Felisita, nyembamba, isiyo na haraka. Mzee Fideli akaifuata kwa chini, kwa besi yake. Wimbo ulipokwisha, akamwomba Joan aurudishe.

Jioni hiyo ng'ombe wa mzee walirudi kutoka malishoni wakakuta zizi bado limefungwa, na wimbo bado unarudiwa chumbani.