Sista Jepkosgei na Vidonge Vilivyoliwa na Watu Wawili

Ni Jumanne asubuhi katika zahanati moja ya Misikhu, wilayani Bungoma, na watu wazima kumi na mmoja wamekaa kwenye benchi, ndimi nje. Hakuna anayecheka. Muuguzi Rael Jepkosgei anapita mbele yao na tochi ndogo, akiinama kwa kila mmoja.

"Inua juu. Geuza upande huu. Haya, meza mate."

Mwisho wa benchi anamulika mdomo wa bwana mmoja mwenye tai, anaukagua kwa makini, kisha anamwuliza jina. Kumbe ni mchuuzi wa vitabu vya dini aliyeingia kutafuta kivuli. Alipoona wenzake wametoa ndimi, naye akatoa.

"Watu wa huku wana heshima sana," anasema Jepkosgei akizima tochi. "Hawapendi kukuangusha."

Jepkosgei, mwenye umri wa miaka 41, ni muuguzi wa wagonjwa wa akili katika hospitali moja mjini Kitale. Wodi yake ina vitanda thelathini, na mara nyingi wagonjwa hufika hamsini. Kila Jumanne huja Misikhu kuwaona waliorudi nyumbani.

Tochi ina sababu yake. Mgonjwa aliyechoka na dawa huficha kidonge chini ya ulimi, akifika nyumbani anakitema uani.

"Kuna boma moja Bokoli, jogoo aliacha kuwika wiki nzima," anasimulia. "Mimi nikajua mara moja nani hamezi."

Kazi yenyewe haina sifa mtaani. Mama yake, anayeishi Cherangany, huwaambia majirani kwamba bintiye anapima watu macho.

Lakini kisa kilichomtoa jasho mwaka huu wa 2006 ni cha Khisa, mkulima wa hapa Misikhu. Miaka miwili iliyopita, kijana wake wa kwanza alipotahiriwa, Khisa alikuwa amelazwa Kitale. Mjomba ndiye aliyesimama mahali pa baba. Agosti hii ni zamu ya kijana wa pili, Kizito, na Khisa ameapa kuwa atakuwa nyumbani, akili timamu.

Mwezi wa Machi mambo yakaanza kwenda mrama. Khisa alisikia watu wakimsema kutoka darini. Akaanza kupalilia mashamba ya majirani bila kuombwa, na majirani, kusema kweli, hawakuwa na haraka ya kulalamika.

"Mimi nikajua imeanza," anasema mkewe, Phelista. "Na dawa nilikuwa naona inapungua kila siku. Nikashangaa, sasa hii dawa inaenda wapi?"

Jepkosgei naye alishangaa. Vidonge vinaisha kwa wakati, mgonjwa anazidi kuugua. Alikuwa ameshika kalamu amwombe daktari aongeze kipimo, pale naibu wa chifu alipoingia zahanati akimburura kinyozi.

Kinyozi huyo ni Wakhungu, mwenye kibanda karibu na soko. Alikuwa amemaliza upande mmoja wa masharubu ya naibu wa chifu, akasinzia wima. Naibu wa chifu alivumilia kimya muda mrefu, kwa kuwa hakuthubutu kumshtua mtu aliyeshika wembe. Siku hiyo alihutubia baraza na masharubu ya upande mmoja.

"Watu walisema amelogwa, wengine walisema ni pombe," anakumbuka Jepkosgei. "Mimi nikaangalia. Mdomo mkavu, ulimi mzito, akisimama anaona kizunguzungu. Nikasema, hii naijua. Nikamwuliza amekula nini."

"Sijakula kitu, Sista," Wakhungu alijibu. "Ni ile tu ya Khisa."

"Ile gani ya Khisa?"

"Si ile ya jioni? Tunakataga na wembe, nusu yake, nusu yangu. Hakuna mtu anadhurumiwa."

Khisa, aliyekuwa kwenye benchi, hakuona ajabu yoyote. "Sista, sisi ni bakoki bana," alimweleza. "Ati nikule peke yangu na yeye ananiangalia? Hiyo ni adabu gani?"

Bakoki, kwa Wabukusu, ni watu waliotahiriwa msimu mmoja. Khisa na Wakhungu walipitia kisu asubuhi moja mwaka 1984, na tangu hapo hakuna anayemnyima mwenzake kitu. Jepkosgei, ambaye ni Mnandi, alikuwa amelisikia neno hilo mara nyingi. Hakufikiri kuwa lingeingia kwenye chupa ya dawa.

"Niliweka kalamu chini," anasema. "Ningeongeza dawa, ningemwongezea na kinyozi. Siku moja angeanguka na huo wembe shingoni mwa mtu."

Alipiga marufuku kugawana, na mambo yakaharibika zaidi. Khisa, kwa kuona haya kula peke yake, aliacha kumeza kabisa. Phelista akimkumbusha, anang'aka kwamba yeye si mtoto.

Ndipo Jepkosgei alipowaita wote wawili na kutoa amri mpya. Kila jioni Wakhungu aende kwa Khisa na njugu karanga. Khisa atakula kidonge kizima, Wakhungu atakula njugu, na watakula kwa wakati mmoja. Kisha kinyozi akague mdomo.

Bakoki wana ruhusa ya kutukanana bila mtu kukasirika, na Wakhungu anaitumia ipasavyo. "Fungua hiyo mdomo yako kama ya fisi!" humwamuru. Khisa hucheka, hufungua.

Sasa ni Julai. Sauti za darini zimenyamaza na majirani wanapalilia wenyewe. Naibu wa chifu siku hizi hunyolewa mjini Webuye.

Kumebaki hofu moja. Siku ya tohara kutakuwa na busaa tele, pombe ya kienyeji inayonywewa kwa mrija, na Wakhungu mwenyewe anakiri hatakuwa mkaguzi wa kutegemewa. Khisa naye hapaswi kuonja hata tone.

"Watu watanisukumia mrija," anasema Khisa. "Nikikataa wataniuliza kama mimi ni mgonjwa. Mtoto wangu atakuwa anasikia."

Kwa hiyo Jepkosgei ameomba likizo, na anapanga kufika bomani kabla ya wageni na kuketi nyuma pamoja na wanawake.

"Siku hiyo kila mtu atakuwa anamwangalia kijana kama atapepesa macho kisu kikimgusa," anasema. "Mimi nitakuwa namwangalia baba yake."