Koo la Kuazima

Juzi nilikwenda Kingsbury kununua bizari na unga wa dengu, maana vya huku kwangu Woolwich havina harufu. Nikamkuta mwenye duka, Mhindi mzaliwa wa Kampala, kasimama mbele ya redio kafumbata mikono, na wateja wamemzunguka na vikapu vyao, hawalipi wala hawaondoki. Nikauliza kuna nini. Akaniambia yule mwimbaji wa filamu wa Bombay amefariki. Mtu mzima mwenzangu akajifuta macho kwa ncha ya sari. Mjukuu wangu, niliyefuatana naye, akaniuliza, kwa Kiingereza chake, huyo bibi alicheza filamu gani. Nikamwambia hakucheza hata moja. Yeye aliimba, wengine wakafumbua midomo. Hakuelewa, na mie sikuwa na nguvu ya kumweleza pale. Wewe nitakueleza, kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani tangu utoto.

Tulikuja London mwaka wa pili baada ya Mapinduzi ya Unguja, mama na mie. Baba hatukuwa naye tena, na hilo sitalizungumza. Tulipanga chumba katika nyumba ya ngazi nyembamba, kuta zinatoka jasho, hita ya mafuta ya taa inanuka mpaka kwenye mkate. Mama alipiga pasi kwenye kiwanda cha dobi, akirudi vidole vimevimba. Chumba cha juu alikaa jirani yetu, Mhindi wa Unguja, mjane, na binti yake wa miaka kumi na tisa. Mama na yule jirani waliitana shoga. Mie yule binti nikimwita dada.

Jirani alitoka Unguja na santuri moja na sahani zake chache za nyimbo alizozifunga ndani ya kanga. Jumapili tulipanda kwake, tukamenya viazi vya kachori huku yule mwimbaji akiimba, na jirani akitusimulia maisha ya mwimbaji huyo kama mtu anayemsimulia dada yake. Kwamba alianza utotoni kuimba kwenye arusi za watu. Kwamba mjomba wake alimpeleka studio, naye alikuwa mfupi, wakampandisha juu ya kreti la soda ili afikie kipaza sauti. Kwamba sahani zake za mwanzo hazikuandikwa jina lake, liliandikwa jina la msichana wa kwenye hadithi ya filamu. Wachezaji wakazeeka, wakaletwa wengine, yeye akabaki palepale akiwaimbia wasichana ambao angeweza kuwazaa. "Uso huzeeka," jirani akisema, "koo haliulizwi umri."

Kihindi sikukijua. Nilikariri zile nyimbo kama nilivyokariri juzuu chuoni, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sauti yangu ilikuwa nyembamba kama yake.

Basi ikaja posa ya dada. Watu wenyewe Wahindi wa Mombasa, wana duka la vitambaa kaskazini ya London. Desturi yao, msichana analeta chai macho chini, kisha anaombwa wimbo. Dada alikuwa mzuri, sikwambii. Lakini akiimba ungedhani mtu anaburura meza. Jirani akapata fikra: atasema binti ana haya, ataimba nyuma ya pazia lililogawa chumba. Na nyuma ya pazia atakuwapo dada, na nitakuwapo mie.

Mama alikataa. "Shoga, ndoa haianzi kwa kuazima."

"Filamu zote huanza hivyo," jirani akamjibu, "na watu wanalia kwa furaha."

Niliimba. Wageni waliacha kutafuna bajia. Mama wa bwana arusi akasema nyumba ikiwa na sauti kama ile haitaingia kiza. Posa ikapokewa, mie nikapewa sahani ya vitamu vya ladu, nikala peke yangu jikoni.

Dada akaolewa. Kule ukweni wakamwomba wimbo, akasema koo linamuuma. Wiki ya pili vilevile. Wakampikia tangawizi na asali, wakampeleka kwa daktari. Miezi minane akatembea na skafu shingoni ndani ya nyumba, anamwogopa mavyaa wake, mama wa mumewe, kama mtu aliyeficha maiti uvunguni. Jirani alikuwa akitwambia haya huku anacheka, lakini viazi alivyomenya vilibaki na maganda.

Halafu kukawa na siku ya hina ya binti mmoja, wanawake peke yao, nasi tumealikwa, katika ukumbi wa kukodi. Dada akaja na mavyaa wake. Wakamwomba wimbo, akagusa koo, akatikisa kichwa. Wanawake wakasikitika, wakaanza kuisifu ile sauti waliyohadithiwa. Mie nilikuwa nimesimama karibu na sinia la sambusa. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenituma. Nilitaka mtu mmoja ajue. Ndiyo yote. Nikaimba, wimbo uleule wa nyuma ya pazia.

Yule mavyaa hakunitazama mie. Alimgeukia mkwewe.

"Kumbe tuliposa watu wawili," akasema taratibu, "tukaletewa mmoja."

Wiki ileile walimrudisha. Mume hakushuka kwenye gari. Sanduku likaachwa chini ya ngazi, na nilipotoka skuli nikamkuta dada amelikalia. Akanitazama.

"Uliimba vizuri, mdogo wangu. Ulichoka kufichwa, ee?"

Mama usiku ule alinipiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Sikulia. Nilistahiki.

Baridi ya mwaka ule ilikuwa mbaya. Dada hakutoka chumbani, hakula ila kwa kulazimishwa. Tulimsikia akikohoa juu ya vichwa vyetu, halafu wakamchukua hospitali, na kabla miti haijaota majani alikuwa amekufa. Daktari alisema kifua. Mie sikusoma, sibishani na daktari. Jirani alikwenda kwa kaka yake Bara Hindi. Alimkabidhi mama ufunguo, akashuka ngazi. Mie nilikuwa mlangoni, akanipita.

Ile nyumba imevunjwa, pamesimama ghorofa za vioo. Wanawake tuliokuwa tukimenya nao viazi wameisha mmoja mmoja, na vijana wa duka la Kingsbury hawajapata kuona sahani ya santuri. Mwimbaji ataagwa kwa heshima, jina lake lote magazetini. Dada hata hapa sijalitaja jina lake, maana sioni kama nina haki ya kulitia mdomoni. Nimechelewa kumwomba radhi kwa zaidi ya miaka hamsini, na mama yake naye hayupo nimwombe yeye.

Kwenye basi mjukuu alinitaka nimwimbie kidogo, asikie. Nikamwambia sijui. Tangu siku ile ya hina sijaimba tena, si arusini, si jikoni. Hata watoto wangu walipokuwa wachanga, niliwalaza kwa kuwapigapiga mgongo tu, kimya, mpaka wakalala.