Shamba la Mama na Stesheni ya Chini

Walipochimba yale mashimo ya kupima udongo, mimi nikajua kabisa kwamba stesheni itajengwa chini ya ardhi. Hakuna aliyeniambia. Nilichungulia nikaona shimo limezidi kimo cha baba, na kwa akili yangu ya kitoto nikaimaliza kazi ya Wadachi, wale Wajerumani waliokuwa wakileta reli, kabla wenyewe hawajaianza: ngazi za kushukia, taa za mafuta ukutani, gari la moshi likipita polepole chini ya milima na kutokea Matombo, kwa mjomba.

Shamba lile lilikuwa letu, ukingoni mwa mji wa Morogoro. Bibi mzaa mama alizikwa humo, kwenye migomba. Asubuhi, ukungu ukishuka kutoka mlimani, nilikuwa nalala kifudifudi kwenye majani mabichi, sikio chini, nikimsikiliza. Nilimwona kabisa, ameketi huko stesheni na kaniki yake, anawauliza abiria wanakotoka. Nilimfurahia. Bibi alipenda sana watu wenye habari.

Mama hakuwa na muda wa ndoto. Yeye aliona vigingi vya wapimaji, na kimoja kilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye kaburi la mama yake.

Karani wa boma alipokuja kuandika wenye mashamba, alimkuta baba peke yake. Akamwuliza kama shamba ni lake. Baba yangu, mtu mnyoofu mpaka anaudhi, akajibu, "Hapana. Mimi nimeoa tu hapa."

Na kweli. Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Mume hulima kwa mkewe, hula humo, lakini hathubutu kuliita shamba lake. Karani alikuwa mtu wa pwani. Hayo hakuyajua wala hakuyauliza. Akaandika kwamba shamba halina mwenyewe, maana yake ni la serikali, akaenda zake.

Mama aliposikia, alimwambia baba maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Kisha akapoa.

"Rudi bomani. Sema ni lako."

"Na shemeji je?"

"Kaka yuko Matombo. Mpaka afike huku, mama atakuwa ameshafukuliwa. Nenda, baba watoto. Kaka nitazungumza naye mimi."

Nilikuwa pale pale namenya ndizi. Kila neno nililisikia.

Baba akaenda, akasema mbele ya watu kwamba shamba ni lake, akaandikwa. Siku chache baadaye vigingi viling'olewa vikasogezwa upande wa bondeni, na mashimo yakafukiwa. Mimi nilinuna kwa ajili ya stesheni yangu. Baba akaniambia huenda watachimba nyingine, nisikate tamaa, na aliposema hivyo alinishika kichwa. Chakula hakukigusa.

Mjomba alikuja na wazee wawili wa ukoo. Nikamwamkia shikamoo, hakunitazama. Sokoni Mkuyuni alikuwa ameshaambiwa kwamba shemeji yake amejiandikishia ardhi ya watu. Wakakaa barazani.

"Ulisema ni lako, hukusema?"

"Nilisema, shemeji."

"Nani alikutuma?"

Baba akamtazama mama. Mama alikuwa na ungo mapajani, anapepeta mchele. Mwanamke anayempa mumewe ardhi ya ukoo, naye hunyang'anywa. Angekiri, shamba lingekwenda kwa dada yake, na kaburi nalo. Nilijua hivyo hata kwa umri ule. Lakini nilikuwa na hakika atasema. Si aliahidi?

Hakuinua uso.

"Hakuna aliyenituma," baba akasema. "Ni tamaa yangu tu."

Wakamwambia jua lisizame yuko pale. Akakunja mkeka wake, akachukua jembe, kisha akalirudisha kwa sababu lilikuwa la ukoo wa mama. Nilikuwa na kinywa mimi, na nilijua kila kitu. Mama nilimkasirikia miaka mingi, mpaka nilipochoka nikabaki kujikasirikia mwenyewe.

Baba alipopita karibu yangu aliniambia nimsaidie mama palizi, asihangaike peke yake.

"Ndiyo, baba," nikasema. Baada ya shikamoo ile, ndilo neno pekee nililotamka siku ile.