Siku Baba Alipozima Mashine ya Maji

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu: siku baba yangu alipozima mashine ya maji kwa ajili ya chai ya wageni.

Wakati huo nilikuwa kijana, nauza masweta ya mtumba stendi ya Makambako. Baridi ya kule ndiyo iliyokuwa mwajiri wangu. Kazi ile ilinifunza kwamba kila bei ina bei nyingine chini yake, na kwamba kila kitu kihesabiwe mara mbili. Hadi leo wajukuu wakipanda gari nawahesabu wakiingia, halafu nawahesabu wakiketi. Wananicheka. Wacheke tu, hajaachwa mtu stendi.

Baba alikuwa kinyume changu kabisa. Akitajiwa bei alilipa, kisha akashukuru. Nilikuwa naona aibu kwenda naye sokoni. Huko kijijini kwetu, upande wa Kichiwa, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, na ufunguo wa tangi ulikaa mfukoni mwake.

Maji yetu yalitoka kwenye kijito cha juu, yakaingia tangini, yakashuka kwa bomba hadi vilulani, kwenye mabomba ya kijiji tulikochota. Yalikuwa maangavu, na baridi yake iliuma meno. Ndiyo maana fundi alipokuja kutufungia mashine ya kusafisha maji, wazee walimtazama kama mtu anayepeleka makoti Dar es Salaam.

"Baridi yote hii, mdudu gani ataishi humo?" mzee mmoja alimwuliza. "Labda awe amevaa sweta."

Mimi nilicheka kuliko wote. Niliona wateja wapya.

Fundi hakucheka. Alifungua kipande cha bomba, akamwambia baba atie kidole. Kidole kilitoka na utelezi mzito kama mlenda. Akatueleza kwamba wadudu wa maradhi hawaelei tu majini. Hujishikiza kwenye ukuta wa bomba, wakajifunika kwa utando ule, wakazaliana chini yake kwa raha zao.

Mashine yenyewe, kwa macho, usingeitolea hata sweta lenye tundu. Ilikuwa pipa dogo la plastiki, mabamba mawili ya chuma ndani yake, na waya kutoka kwenye betri ya sola. Unatia maji na chumvi ya kawaida ya dukani, unawasha. Umeme ukipita kati ya mabamba, maji yale yanatoa vipovu bila moto, na baada ya saa kadhaa yamegeuka dawa ya klorini, harufu yake kama mashuka ya hospitali. Dawa inadondoka tangini kidogo kidogo. Inaua waliomo majini, na inauzuia mlenda ule usinenepe bombani.

"Ila isikatike," fundi alisema. "Mkiizima, utando unanenepa. Siku maji yakienda kwa kasi utabanduka, na ninyi mtaunywa."

Baba alishika neno hilo kama alivyoshika bei za sokoni, bila kuongeza wala kupunguza. Kila asubuhi alitia chumvi. Mabamba yakiota ukoko mweupe, aliyaosha kwa siki. Watoto wa kijiji wakaacha kuharisha, mpaka tukasahau kwamba waliwahi kuharisha. Tuliposahau hivyo, kilichobaki kwetu ilikuwa harufu tu.

Nilikuwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, jina lake Eliza. Nikirudi kutoka Makambako na kuanza kuhesabu watu mezani, aliniambia, "Kaka, ukinihesabu mara mbili nitakula mara mbili." Na kweli alikuwa anakula.

Mwaka huo Eliza alipata kipaimara. Unajua kwetu sisi Walutheri kipaimara ni kitu gani. Wageni walitarajiwa kutoka Njombe mjini, Mdandu, na Makambako nusu nzima. Baba mdogo Lazaro, mdogo wake baba, alitangulia kuja kusaidia maandalizi. Akapewa chai. Akanusa, akaweka kikombe chini.

"Kaka, chai hii inanuka wodi."

"Ndiyo maji yetu," baba alisema.

"Wakwe utawapa hii? Mchungaji je? Watasema tumewapikia dawa. Zima siku tatu tu, sherehe ikiisha uwashe."

"Fundi alisema isikatike."

"Huyo fundi atakaa meza kuu?"

Kwetu mgeni akikunja uso mezani, aibu hiyo inakaa kwenye ukoo kuliko jina. Baba akatazama kikombe, akasema, "Siku mbili."

Ndiyo mara ya pekee maishani nilipomwona baba akipatana bei.

Akazima. Siku ya sherehe ilipofika, akafungua na koki kubwa ya tangi mpaka mwisho ili wapishi wasikose maji. Yakashuka kwa kishindo. Chai ilikuwa nzuri, mwanangu, siwezi kudanganya. Wakwe walisifu. Na wageni wetu walinogewa hata hawakutaka kuondoka, kwa hiyo zile siku mbili zikawa wiki, na hakuna aliyethubutu kuwasha harufu ile mpaka walipoondoka.

Sasa sikiliza panaponiuma. Chai huchemshwa. Wageni walikunywa maji yaliyopita motoni, wakarudi makwao salama. Sisi wenyeji, tuliokuwa tukikimbia na vikombe, tulipopata kiu tulikinga viganja kilulani. Eliza, na gauni lake jeupe, alikinga kama wengine.

Wiki chache baadaye akaanza homa. Tukasema ni uchovu wa sherehe. Kichwa kikamshika, kisha tumbo. Watoto wengine kijijini wakalala pia, wale wakapona. Eliza tulimkimbiza hospitali ya misheni, barabara mbovu, yeye kichwa kwenye mapaja ya mama. Daktari akasema ni homa ya matumbo, na utumbo umeshatoboka. Hakurudi nasi akiwa hai.

Baada ya maziko nilipewa kazi ya kugawa sahani. Nikazihesabu, nikarudia. Mara zote mbili ilizidi moja.

Baba mdogo Lazaro alilia mbele ya watu. "Kaka, ni mimi niliyemuua."

"Wewe uliomba," baba alimjibu. "Ufunguo nilikuwa nao mimi."

Nilitaka kumfariji. Nikamwambia, "Baba, ulipatana naye vizuri. Alitaka tatu, ukatoa mbili." Sikujua kingine cha kusema, ndiyo lugha niliyokuwa nayo.

Hakunifokea. "Wewe ni mfanyabiashara," alisema. "Umewahi kuona watu wawili wakipatana juu ya mali ya mtu wa tatu ambaye hayupo? Mimi na Lazaro tulipatana. Wale wanaokinga maji pale chini, nani aliwauliza?"

Kisha akaenda tangini, akatia chumvi, akawasha kama kila siku. Chai ya matanga ilinuka klorini mpaka mlangoni. Lazaro alikunywa kikombe chake chote.

Baba aliendelea na kazi ile miaka mingine mingi, hata magoti yalipokataa mlima. Sokoni hakuacha kulipa bei aliyotajiwa. Mimi nikaacha kumwonea aibu.

Sasa nasikia vijana ndio mnaokabidhiwa mashine hizi. Basi, mwanangu, shika haya. Osha mabamba kabla ukoko haujawa mnene. Siku ya ukungu, sola ikichoka, usijifanye dawa imetosha, ipime. Ukitaka kufungua koki kubwa, ifungue polepole. Na akija mtu mwenye heshima zake akuombe uzime kidogo kwa ajili ya arusi, kipaimara au ziara ya mkubwa, mpe kiti kizuri, mpe hata kuku, ila hilo mnyime. Mgeni aliyenuna utamwomba radhi mwakani. Patana juu ya sweta, viazi na mbao, patana mpaka sauti ikauke. Uhai wa watu ambao hawapo mezani si wako kuupunguza.

Mungu akuzeeshe. Akupe watoto, na akuachie wote. Akujalie uwazike wazazi wako kwa zamu yao, wao wasikuzike wewe.